Kucheza Bila Namba Tisa: Anza na Mawinga

Kocha wa timu ya mtaa Mtwara au Lindi akikosa mshambuliaji wa kati, yaani namba tisa, mara nyingi humtwaa kiungo fundi, akamweka mbele na kumwagiza ashuke kufuata mpira. Pasi zinakuwa nyingi, mabao hakuna. Anayeshuka hana kosa. Nafasi aliyoiacha haina mtu wa kuikimbilia.

Tarehe 2 Mei 2009, Barcelona ilipoifunga Real Madrid 6-2 ugenini, Messi alicheza katikati huku akishuka, Eto'o akahamia kulia na Henry akabaki kushoto. Mabeki wa kati wakakosa mtu wa kumkaba. Bao la kwanza la Barcelona, Messi aliudokoa mpira juu ya mabeki, Henry akaingia nyuma yao na kufunga.

Fanyia zoezi nusu ya uwanja: namba sita (kiungo wa nyuma), namba nane wawili (viungo wa mbele yake), mawinga wawili na huyo anayeshuka, yaani namba tisa bandia, dhidi ya mabeki wanne, kiungo mkabaji na kipa. Panga vifuu vya nazi mita 10 mbele ya mstari wa mabeki, ndipo anaposhukia. Anaanza katikati ya mabeki wa kati, na anaondoka namba sita anapoutuliza mpira, si kabla. Akiwahi, anapokea akiwa amesimama na mkabaji yuko mgongoni.

Njiani atazame nyuma ya bega mara mbili. Beki akimfuata, aurudishe mpira kwa mguso mmoja kwa namba nane, naye apenyeze pasi pale beki alipotoka. Beki akibaki, ageuke awakabili: hapo katikati mko wanne dhidi ya wachache.

Sasa mawinga, na hapa tumia nusu nzima ya mazoezi. Winga aanze kukata ndani mpira unapomwacha namba sita kwenda kwa anayeshuka. Akisubiri namba nane aupate, beki ameshaziba. Akikimbia moja kwa moja kuelekea golini ataotea, basi apite kwa mkunjo sambamba na mabeki, kisha azame. Winga wa upande wa pili naye aingie, nguzo ya mbali. Mbio za mmoja peke yake beki mmoja anazimaliza. Upana sasa ni kazi ya mabeki wa pembeni, na krosi zao zipigwe chini. Za juu hazina mpigaji kichwa.

Makosa mawili hujirudia: namba nane kushuka pamoja na namba tisa, mbele pakabaki patupu, na winga kung'ang'ania chaki ya pembeni ya uwanja.

Kwenye viwanja vya mchanga vya pwani mpira hufa njiani. Punguza umbali wa kushuka hadi mita 7 na mpige pasi kwa nguvu zaidi.

Mpinzani akijaza watu watano mbele ya boksi lake, nyuma yao hakuna nafasi ya kukimbilia. Siku hiyo mrudishe mtu mrefu katikati, hata kama ni beki.