SOMO: Namna ya kukinga utepe wa manyoya wa Wamiwok dhidi ya wadudu

Swali hili limeulizwa hapa mara nyingi mno, kwa hiyo naliandikia jibu mara moja. Nazungumzia utepe wa kipajini wa wachezaji ngoma wa Kimiwok, wenyeji wa asili wa California, Marekani, unaoshonwa kwa manyoya ya kigong'ota yenye uti wa rangi ya chungwa.

1. Waombe ruhusa Wamiwok wenyewe kabla ya kuugusa.

2. Vaa glavu, baadhi ya vitu vya zamani vya makumbusho vilipakwa aseniki, ambayo ni sumu.

3. Ulaze juu ya karatasi isiyo na asidi, bila kuukunja.

4. Ugandishe. Utie katika mfuko wa plastiki, toa hewa, ufunge kabisa, kisha uuache wiki nzima kwenye friza yenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Ukiutoa, USIFUNGUE mfuko mpaka zipite saa 24, kwa sababu ukiufungua ungali baridi, unyevu wa hewa utatua juu ya manyoya badala ya kutua juu ya plastiki, uzi utalowa, na ukungu utafuata. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa haraka tu ya kutaka kutazama.

5. Pangusa kwa brashi laini, kutoka kwenye uti kuelekea nje.

6. Hifadhi gizani, mwanga hufifisha rangi.

MASWALI

— Nikiuanika juani, wadudu si watakufa pia?
— Soma hatua ya 6.

— Mkuu, nimepata muuzaji wa manyoya haya kwa bei nafuu. Ninunue ya kuzibia pengo?
— Hapana. Sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza biashara hiyo, na hata unyoya uliookotwa chini hauwi wako bila kibali. Isitoshe, sikuandika somo la ushonaji.

— Mwalimu, mbona manyoya yanaonekana kama vijiti vitupu?
— Umetazama vizuri. Mshonaji huchuna nyuzinyuzi za pembeni, akibakiza kidogo nchani, ili rangi ya uti ionekane. Kisha huvipanga vijiti sambamba, kimoja kikielekea juu na kingine chini, na kuvipitishia uzi, ambao kwa jadi ulisokotwa kwa nyuzi za mimea. Ukivaliwa, miisho ya utepe hutokeza pande mbili za uso na kuyumba mchezaji anapogeuza kichwa. Ukiwa karibu na Pine Grove, California, mwezi Septemba, nenda Chaw'se, hifadhi ya kihistoria iliyo huko, kwenye sherehe ya Wamiwok, lakini uliza kabla ya kupiga picha.

— Brashi ya rangi za maji inafaa?
— Inafaa, maadamu ni mpya.