Kuhesabu korosho mkandani kwa mistari miwili ya leza

Kihisi cha kawaida cha kukatwa mwanga huziona korosho mbili zilizopita sambamba kuwa moja. Kwa kiwanda kidogo cha kubangua, Mtwara au Lindi, leza mbili zinazochora mstari wa mwanga na kamera moja hutoa idadi, kimo na kasi.

Chukua leza nyekundu za nm 650, zisizozidi mW 5, kamera ya pikseli 640 kwa 480 inayopiga fremu 60 kwa sekunde, filta ya kamera inayopitisha rangi hiyohiyo, na kompyuta yenye Python na OpenCV (maktaba ya kuchakata picha). Mkanda uwe mweusi usiong'aa.

Kamera itazame chini wima, uipandishe hadi ione upana wa mm 320. Hapo pikseli 1 ni mm 0.5. Leza zilaze nyuzi 30 kutoka wima, mistari ikate mkanda kwa upana, mm 100 kati yake. Zote zilale upande mmoja! Ukizifunga zikitazamana, korosho ya kimo cha mm 15 husogeza mstari mmoja mm 8.7 mbele, mwingine mm 8.7 nyuma, na kipimo chako cha kasi kimeharibika.

Zima marekebisho ya mwanga ya kamera, shata (muda wa kupokea mwanga) iwe ms 2. Katika kila safu wima ya picha, programu itafute pikseli inayong'aa zaidi karibu na kila mstari. Korosho ikipita, mstari huruka kadiri ya kimo chake. Ukiruka chini ya pikseli 7 ni vumbi au mkanda kutikisika. Safu zilizoruka zikipakana ni korosho moja. Ioanishe na ile inayofika mstari wa pili mahali palepale kwa upana. Ikichukua sekunde 0.5, kasi ni mm 200 kwa sekunde. Umeme ukishuka na mota ikalegea, kipimo hicho kinafuata chenyewe.

Korosho haitulii upesi, hubingirika. Weka mistari mm 500 au zaidi kutoka mdomo wa kumiminia. Zilizogusana zitenganishe kwa chekeche la kutikisika, programu isikutese.

Asubuhi sawa, saa nane mchana picha nyeusi? Joto husogeza rangi ya leza, takriban nm 0.2 kwa kila nyuzi, ikatoka nje ya filta nyembamba, inayopitisha upana wa nm 10 tu. Tumia ya nm 40, na uzibe jua kwa boksi jeusi, ambalo pia linakinga macho ya wafanyakazi.

Kila asubuhi futa vioo vya kamera na leza, kisha pitisha kibao cha kimo cha mm 20: mstari uruke pikseli 23. Ukiruka 20, leza imelegea kwenye skrubu.