Mdogo wako wa Dar kaitwa kwenye usaili wa programu: msaidie hivi

Anakupigia kutoka Sinza: kampuni ya Berlin imemwita kwenye usaili wa kazi ya kuandika programu, na wakimchukua itabidi ahame. Wewe uliyetangulia huko Ulaya usiishie kumwambia "Mungu atasaidia". Mazoezi ya programu anayafanya mwenyewe usiku kucha. Msaada wako unahitajika kwingine.

Anza na saa, maana usaili ni wa mtandaoni. Huko Ulaya mnabadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Dar haibadili. Majira ya baridi Dar inaitangulia Berlin kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja. Umeme na bando anavijua kuliko wewe.

Kisha mfanyie usaili wa majaribio, tena bila huruma ya kindugu. Utamsikia akisema "tulifanya", "tulitengeneza". Hiyo ni adabu yetu, lakini msaili haajiri timu nzima. Mzoeze kusema "niliandika", "niliamua". Na asidharau kazi alizofanya hapo nyumbani Tanzania. Aliyewahi kuunganisha malipo ya M-Pesa anajua taarifa ya muamala inavyoweza kuingia mara mbili, au isiingie kabisa na mteja keshakatwa hela. Aeleze alivyozuia oda moja isihesabiwe mara mbili. Kwangu mimi kisa hicho kina uzito kuliko mradi wowote wa mazoezi. Ila kwanza aseme M-Pesa ni nini, kwa sentensi moja tu.

Sasa penye hela. Kabla hajasaini aulize nani analipia viza na tiketi, mwenza na watoto wanafuata lini, mwezi wa kwanza atalala wapi, na kama akiacha kazi mapema atadaiwa gharama za kuhamishwa. Vijana wetu huona haya kuuliza, wakidhani wataonekana wana tamaa. Mwambie kwamba mwajiri anategemea kuulizwa. Ingekuwa Uingereza, ada ya afya anayotozwa mwombaji viza peke yake tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka, na hulipwa yote mbele: mtu na mwenza wake, viza ya miaka mitatu, pauni 6,210. Nani anazitoa?

Kama hana shahada, Ujerumani tangu Novemba 2023 inawapa Kadi ya Buluu, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, watu wa teknohama wenye uzoefu wa walau miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, mradi mshahara ufike kiwango kilichowekwa. Alitaje hilo mwenyewe, asisubiri mwajiri alikumbuke.

Asiache kazi kwa furaha ya ofa. Sheria ya kazi ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Notisi hiyo aitoe baada ya viza kutoka. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto avifuatilie RITA leo, maana foleni ya pale haijui tarehe yake ya kuanza kazi.