Anza na kibwagizo

Ukipewa neno moja ulitungie shairi, tuseme "mwavuli", usianze na mshororo wa kwanza, bali tunga kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, kabla ya kitu kingine chochote. Kwa mfano, "Mwavuli umesahau, mvua ndiyo rafikiye" una mizani (silabi) 16, nane kila upande, na unachekesha huku ukidokeza jambo zito, kwa kuwa pasipo mvua mwavuli usingenunuliwa. Mbinu hii husaidia kwa sababu kila ubeti huwa na mahali unapojua utafikia, na kazi yako hubaki kutafuta njia mpya ya kufika hapo: ubeti mmoja uzungumzie mwavuli wenyewe, mwingine mtoto anayemkwepa mama aliyemlea, mwingine kiongozi na waliompigia kura, na maneno yale yale yapate maana tofauti kila yanaporudi. Hata hivyo, kibwagizo kilichokwisha kusema yote, mathalani methali kamili, hugeuza beti kuwa marudio matupu. Vilevile, shairi ambalo msemaji wake hubadili msimamo hulifaa zaidi kimalizio, yaani mshororo wa mwisho unaobadilika kila ubeti.