Somo: kupima usahihi wa hesabu za kwantamu kwenye klasta za maji

Wakuu, naona wengi mnarukia klasta (kundi) ya molekuli sita za maji na B3LYP (mbinu nyepesi ya makadirio) halafu namba ikitoka mnaiamini tu. Mbinu ipimwe kwanza kwenye jozi, yaani molekuli mbili, kwa sababu jibu lake linajulikana: CCSD(T), mbinu nzito ya usahihi wa juu, ikifikishwa kwenye ukomo wa besi-seti (seti ya funksheni za kuelezea elektroni, ukomo ni pale ingekuwa kubwa bila mwisho) inatoa nishati ya kushikana kama 5.0 kcal kwa moli.

Hatua 1. Fungua Psi4, programu ya bure ya hesabu hizi, weka jozi, oksijeni kwa oksijeni karibu angstromu 2.91.

Hatua 2. Piga MP2 (mbinu nyepesi kuliko CCSD(T)) na besi-seti aug-cc-pVDZ, halafu TZ, halafu QZ, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia (funksheni 82, 184, 344). Hiyo "aug" usiitoe hata kama kompyuta inalia, bondi ya haidrojeni inazihitaji zile funksheni zinazosambaa mbali.

Hatua 3. Hapa ndo pa kutulia. Besi-seti ikiwa ndogo kila molekuli inaazima funksheni za jirani yake, basi zinaonekana zimeshikana kuliko hali halisi. Dawa ni ile ya Boys na Bernardi ya 1970, unahesabu kila molekuli peke yake ila ukiiachia na funksheni za mwenzake, kwenye Psi4 andika bsse_type='cp'. Chukua namba zote mbili, iliyosahihishwa na ambayo haijasahihishwa, na kama bado zimeachana sana kwenye QZ kuna kitu hakiko sawa.

Hatua 4. Sehemu ya korilesheni (nishati inayotokana na elektroni kukwepana) ipeleke ukomoni: (64×QZ − 27×TZ) ÷ 37.

Hatua 5. Sasa nenda molekuli sita, kwa maumbo yake manne: prizimu, kizimba, kitabu, pete. CCSD(T) inaweka prizimu chini kabisa, ila PBE (mbinu nyepesi jamii ya B3LYP) na B3LYP bila disipesheni (mvuto dhaifu kati ya molekuli) zinakuletea kitabu au pete. Mwaka 2012 maabara waliona prizimu, kizimba na kitabu kwa pamoja, kwa hiyo ujue zimekaribiana kiasi gani.

Swali: Mkuu nimepata 5.0 ila maabara wanasema 3.16, nakosea wapi?

Hujakosea. 3.16 imeshapunguzwa nishati ya mtikisiko wa atomu ambao haukomi hata kwenye sifuri kelvini. Ila ukiutoa kwa hesabu ya haimoniki (inayochukulia bondi kama springi kamili) utashuka kupita kiasi.

Swali: MP2 nayo inanipa karibu 5.0, CCSD(T) ya nini sasa?

Kwenye jozi makosa ya MP2 yanafutana, bahati tu. Njoo kwenye sita uone, prizimu na kizimba inaziona karibu sawa kabisa.

Swali: Laptopu yangu RAM 8, CCSD(T) ya sita itaweza?

Nzima nzima sahau, gharama inapanda kwa kipeo cha 7, ukubwa mara mbili ni kazi mara 128. Piga MP2 kwenye besi-seti kubwa kwa klasta nzima, halafu tofauti ya CCSD(T) na MP2 itafute vipande vipande, jozi 15 na makundi 20 ya molekuli tatu-tatu, kwenye aug-cc-pVDZ. Iache usiku kucha.