Ukienda Kuwaona Dinosauri Makumbushoni: Tafuta Kwanza Mfupa Halisi

Kiunzi kimoja cha dinosauri mara nyingi huchanganya mifupa iliyochimbwa na nakala za plasta au rezini. Asiyelijua hilo hupiga picha nyingi za plasta na kuupita mfupa wenyewe. Kwa hiyo, kila ufikapo mbele ya mnyama, jiulize kwanza ni kipi kilichotoka ardhini.

Kabla ya kwenda, angalia kwenye tovuti ya makumbusho kama ukumbi wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, uko wazi, maana ukarabati huufunga kwa miezi, na kama kisukuku unachokifuata hakijaazimwa kwingine. Siku za masomo, makundi ya wanafunzi hujaa asubuhi; nenda mchana saa nane hivi. Wakati wa likizo, fika mlango unapofunguliwa. Chagua visukuku vitano au sita tu, kwa sababu baada ya muda wa saa mbili macho huchoka na kila mbavu huonekana sawa na nyingine. Beba darubini ndogo ya macho mawili, inayoweza kulenga kitu kilicho umbali wa mita 2 au 3.

Ukifika, soma kibao cha maelezo kabla ya kuinua macho. Kizuri hutaja mahali kisukuku kilipochimbwa, umri wa mwamba na namba ya usajili, na mara nyingine huwa na mchoro ambao mifupa halisi imepakwa rangi tofauti. Kama hakuna mchoro, tazama chuma. Mfupa halisi ni jiwe zito na hautobolewi ovyo, hivyo kwa kawaida hushikwa kwa nje na vikono vya chuma. Nakala ni nyepesi, na chuma chake hupita ndani. Tafuta pia mstari mwembamba wa maungio ya kalibu, yaani umbo la kumiminia nakala. Usitegemee nyufa: kalibu hunakili kila ufa, na mpakaji stadi humalizia rangi.

Fuvu lichunguze kwa makini zaidi. Huko Chicago, kiunzi cha Sue, dinosauri mla nyama aina ya Tyrannosaurus aliyegunduliwa mwaka 1990, kimewekewa fuvu la nakala; la asili, lenye uzito wa kilo 270 hivi, limo peke yake ndani ya kioo. Hapo ndipo pa kukaa robo saa. Berlin yupo Giraffatitan, dinosauri mla majani mwenye shingo ndefu, aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Kimo chake kinapita mita 13, na kiunzi kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa. Pingili zake za shingo na mgongo ni nakala, kwa kuwa za asili ni nzito na dhaifu mno kutundikwa. Miguu ndiyo ya kuitazama kwa karibu.

Kisha shuka kwenye nyonga. Karibu dinosauri wote wana tundu lililotoboka hadi upande wa pili pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia. Kenge ana kibakuli kilichozibwa. Alama hiyo itakusaidia usimwite dinosauri kila mnyama wa kale. Dimetrodon, mwenye tanga mgongoni, alitoweka mamilioni mengi ya miaka kabla dinosauri wa kwanza hawajatokea.

Kwa picha, zima mwanga wa kamera, maana hurudi kwenye kioo na kufuta kila kitu. Piga kibao kwanza, halafu mfupa, la sivyo ukifika nyumbani hutajua kipi ni kipi. Visukuku bapa, kama Archaeopteryx wa Berlin, kiumbe wa kale anayefanana na ndege, mwenye alama za manyoya, vitazame kwa kusogea pole pole upande mmoja hadi mwingine: mwanga unaopita kwa mlalo ndio unaotoa mistari ya manyoya ambayo ukisimama mbele tu huioni.

Uliza mapokezi kama kuna karakana yenye dirisha la wageni, na mafundi huwa kazini saa ngapi. Ukiwakuta wakiondoa mwamba kwa vijipatasi vya upepo, tazama jinsi wanavyomimina gundi nyepesi kwenye ufa kabla ya kuendelea. Mfupa uliotoka mwambani bila gundi hiyo unaweza kuvunjika vipande.