Mada ya tasnifu ya sheria: anza na kifungu, kichwa kitakuja chenyewe

Juzi mdogo wangu, yuko mwaka wa mwisho wa LLB (shahada ya kwanza ya sheria), alinitumia mada yake: "Haki za Wanawake Tanzania". Nikampigia simu usiku uleule, maana hiyo si mada, ni kabati zima la vitabu. Tulikwenda hivi.

Hatua ya 1: Chagua eneo. Ndoa, ardhi, kazi, kodi, lolote ambalo hutalichoka baada ya mwezi. Tuendelee.

Hatua ya 2: Shuka mpaka kwenye kifungu. Kutoka haki za wanawake tukashuka kwenye mali za ndoa, kisha kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachohusu mgawanyo wa mali hizo. Hapo kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Ila Bi Hawa mwenyewe alishinda hoja akakosa mali: Mahakama iliona fungu lake lilishakwisha katika fedha alizopewa na mumewe. Nikamwuliza mdogo wangu, "Sasa kupika na kulea kunapimwaje?" Akanyamaza. Ukifika mahali unaponyamaza, swali la utafiti liko jirani.

Hatua ya 3: Pima kama hukumu zipo. Ingia TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, andika kifungu na maneno mawili matatu. Kipimo changu: zikiwa chini ya kumi, badili swali, zikiwa mamia, punguza kwa miaka au kwa ngazi ya mahakama. Usiombe programu ya akili mnemba ikutajie kesi. Itakutungia, na majina yatapendeza kweli.

Hatua ya 4: Hakikisha sheria bado iko hai. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka 2022 niliandika sura mbili kuhusu mamlaka ya mabaraza ya kata kuamua migogoro ya ardhi ya mpaka shilingi milioni 3. Nilitumia kopi ya sheria niliyorithi kwa kaka mmoja aliyemaliza kabla yangu, ina kalamu ya njano kila ukurasa. Msimamizi akaandika pembeni maneno matatu: "Sheria ipi hii?" Marekebisho ya 2021 yalikwisha yanyang'anya mabaraza hayo mamlaka ya kuamua, yakabakiwa na usuluhishi. Wakishindwa kuwapatanisha watu, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ubaya wa marekebisho yetu ni kwamba mengi huja ndani ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, jina ambalo halikwambii limegusa nini. Sheria moja ya namna hiyo inaweza kuparura kumi kwa mpigo. Kwa hiyo fungua kila moja ya miaka ya karibuni, pitia vichwa vya sehemu zake, tafuta sheria yako. Angalia na miswada iliyoko bungeni, isije ikapita wakati unafunga jalada. Hukumu nazo ni vilevile. Ukitegemea ya Mahakama Kuu, fuatilia rufaa: shauri la Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa liliamuliwa 2016, lakini la kunukuu kwanza ni la Mahakama ya Rufani, 2019. Lako linaweza kuwa limetenguliwa kabisa.

Na mada ikikufia mkononi, usiizike haraka. Mimi niligeuza yangu iulize usuluhishi wa kata una nguvu gani baada ya 2021. Sura moja ilipona.

Hatua ya 5: Nenda kwa msimamizi na ukurasa mmoja. Swali, kifungu, hukumu tano. Usipeleke mada tatu akuchagulie. Atachagua anayoipenda yeye.

Mdogo wangu alipeleka hii: "Kipimo cha mchango wa mke asiye na kipato katika mgawanyo wa mali za ndoa Tanzania." Ilirudi na neno moja limeongezwa kwa wino mwekundu baada ya Tanzania: Bara. Sheria ya Ndoa haivuki maji kwenda Zanzibar, na sote wawili tulilipita hilo.